Kahawa Juu ya Intumba

Msanzi, Jumapili, 2 Juni 1996

Kwa miaka kumi na tisa ya ubwana shamba niliandika shajara kila siku kwa sababu ilikuwa amri. Mkaguzi alikuja kutoka Sumbawanga, akafungua daftari, akatia saini bila kusoma. Walipotupunguza kazini mwaka juzi, nikaacha. Leo naanza tena bila kuamriwa na mtu, kwa sababu nimepata kazi, na mimi nikiwa na kazi huwa naandika.

Kijana mmoja aitwaye Yonas, ofisa wa kampuni mpya ya kununua kahawa, amefika na pikapu hadi mlangoni. Akaniamkia shikamoo kwa adabu, akasema siku hizi biashara ni huria, ushirika umelala, na kampuni yake inataka niwe wakala wa miche na mafunzo kuanzia hapa hadi Mwimbi. Mvua za Novemba zikianza, watu wote wapande "kwa njia ya Modesti". Modesti ni mimi. Ni maneno yake, sikuyatunga. Mke wangu Rozina alikuwa uani anapepeta ulezi. Alijifanya hasikii, lakini ungo ulisimama.

Kwa faida ya atakayesoma daftari hili, njia ya Modesti ni hii. Idara ya Kilimo ilitutaka tuwafundishe watu kuchimba shimo refu kwa kila mche wa kahawa. Ardhi yetu ya Ufipa, ukishapita kina cha jembe, ni ngumu kama sakafu ya kanisa. Watu walichimba mashimo matatu wakatupa sururu, wakaenda kunywa pombe ya kimpumu. Mimi nikafikiri: tunahangaika nini, na intumba tunazo? Tangu enzi za mababu Wafipa wanafukia nyasi ndani ya yale matuta ya duara, zinaoza, udongo unakuwa laini na mweusi. Nikawaambia watu wapande kahawa juu ya intumba, mashimo tuwaachie wachimba makaburi. Desemba 1992 tukapanda. Miti ilipanda juu kwa namna ambayo wageni wa mkoani walikuja kuipiga picha, na mimi nikiwa katikati.

Jumatano, 5 Juni

Upepo na baridi. Nimevaa makoti mawili.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa ukoo wa marehemu Wilibrodi ulikutana nyumbani kwake. Wilibrodi alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na kweli mwezi wa kwanza nilimzika. Amemwacha Fransiska na mabinti wawili walioolewa mbali. Mdogo wake, Adolfu, analitaka shamba la barabarani. Siku hizi malori yanapita kwenda Kasesya mpakani yakibeba mahindi, na Adolfu amejiona mfanyabiashara tangu aliponunua mizani.

Akasema ardhi ni ya ukoo, irudi kwa ukoo. Mzee Timoth, mkubwa wao, alisugua goti. Akasema shamba la ulezi angeweza kulirudisha, lakini hili lina miti, na miti kaipanda marehemu na mke wake.

"Kahawa ikisimama, Fransiska asimame nayo," alisema. "Ikimshinda, basi shamba limemshinda. Mvua ya kwanza ikinyesha tutakwenda kuiona kwa macho."

Kisha akaniuliza mimi, mtaalamu, kama ile miti ina maisha. Nikasimama. Nikasema, "Mzee, miti ile haiwezi kuanguka. Niliwaonyesha mwenyewe jinsi ya kuipanda." Fransiska alinitazama kwa shukrani mpaka nikaona aibu kidogo, aibu ya kupendeza. Nilirudi nyumbani natembea wima.

Jumatatu, 17 Juni

Tumepura ulezi. Mavuno si haba.

Jumamosi, 29 Juni, Petro na Paulo

Leo sijui nianzie wapi.

Baada ya ibada Kashinje alikuja kwangu amebeba mti wa kahawa begani. Kashinje ni Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake miaka sita iliyopita, amejenga ng'ambo ya shamba langu. Mtu wa maneno machache, na hayo machache hayana sukari. Akautua mti uani. Ni mti wangu, wa mstari wa mwisho, una majani yake yote.

"Samahani, bwana shamba. Dume langu limejikuna kwenye mti wako, ukalala. Nitalipa unavyotaka. Ila nakwambia kweli, ng'ombe yule hakusukuma. Alijikuna tu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkemee. Nikautazama mzizi.

Mti wa kahawa wa miaka mitatu na nusu unatakiwa uwe na mzizi mkuu uliozama chini wima, na mingine imeshuka pembeni kuutafuta unyevu wa kiangazi. Huu haukuwa nayo. Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka kiasi cha urefu wa kiganja, ukafika mwisho wa intumba, ukakuta ardhi ngumu, ukageuka. Ulikwenda pembeni, ukazunguka, ukarudi, ukajizungusha tena, umenona kwa uvivu. Vijizizi vya kulisha vyote vilikuwa vimejaa ndani ya nyasi zilizooza kama pamba kwenye mto wa kulalia. Hakuna hata kimoja kilichojaribu kushuka. Kwa nini kishuke? Chakula chote nilikiweka juu. Na sasa nyasi zimeoza zikaisha, intumba inabonyea kila mwaka, na mti umebaki umesimama juu ya sahani.

Kashinje alikuwa ananitazama. "Kwetu Usukumani hata mpapai unashika kuliko huu," alisema.

Nikamwambia dume lake lina nguvu kuliko anavyodhani. Nikamwambia simdai kitu, sisi ni majirani. Akanishukuru. Alipoondoka nilikwenda mstari wa mwisho na jembe, nikachimbua pembeni mwa mti mwingine, na mwingine, na mwingine. Minne yote iko hivyo hivyo.

Mashamba thelathini na moja hapa Msanzi yamepandwa hivi. La Fransiska lina miti mia moja na arobaini.

Jumapili, 30 Juni

Misa. Sikusikia mahubiri.

Alhamisi, 4 Julai

Nimefikiri kwa utulivu. Miti minne si utafiti. Huenda ni mstari ule tu, una mwamba chini. Mtaalamu hakurupuki. Kabla sijawatia watu hofu lazima niwe na uhakika, na uhakika unataka muda. Nimeandika hivi na nimeridhika.

Jumanne, 9 Julai

Fransiska amekuja. Majani ya kahawa yake yanapoteza rangi, mengine yananyauka mchana, yanajirudi jioni. "Shemeji, nifanyeje?"

Nilijua la kumwambia. La kumwambia ni hili: kata miti yote ibaki visiki vya futi moja, ili isiwe na majani mengi ya kulisha. Halafu hatua moja kutoka kwenye kila kisiki pasua ile sakafu kwa sururu, tia samadi, mwaga maji kule chini kabisa, kidogo, mara moja kwa wiki, ili mizizi ifuate maji kwenda chini. Lakini nikisema hivyo ataniuliza kwa nini, na kijiji kizima kitauliza, na Yonas atauliza.

Nikamwambia, "Mwagilia. Kila siku, asubuhi na jioni, pale shinani."

Akafurahi kupata dawa. Chemchemi iko bondeni, mwendo wa dakika kumi kushuka na zaidi ya hapo kupanda.

Jumatano, 10 Julai

Umande umeganda mweupe kwenye majani. Baridi kali sana.

Ijumaa, 19 Julai

Fransiska anabeba ndoo ishirini kwa siku. Majani yamerudi kijani. Kijiji kinasema ushauri wangu ni wa kitaalamu. Mimi najua ni nini kinachotokea pale chini. Maji ya juujuu kila siku yanaiambia mizizi ibaki juu. Ninausimamisha mti huku naumaliza. Lakini lengo ni Novemba tu, wazee waje, waone, waondoke. Baada ya hapo nitamweleza polepole mambo ya visiki, kama jambo jipya kutoka Idarani. Ndiyo mpango wangu. Kwa kweli namsaidia.

Jumamosi, 27 Julai

Nimechagua miti kumi yangu mwenyewe, nyuma ya ua wa matete ambapo hapaonekani kutoka barabarani. Nimeikata. Nimepasua ardhi kwa sururu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Samadi nimechukua kwa Kashinje.

"Unapanda nini kiangazi hiki?" aliuliza.

Nikasema ni majaribio. Akasema, "Haya," kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 12 Agosti

Yonas amekuja na pikapu. Amechapisha karatasi ya mafunzo, ina picha ya intumba na mche juu yake, na jina langu chini. Miche elfu kumi na mbili iko kitaluni inasubiri mvua. "Mzee, wewe ndiye nembo yetu," alisema akicheka. Kijana mzuri, ana haraka tu. Nilimpa karanga. Nilimwambia kwamba labda tungesubiri mwaka mmoja zaidi tuone miti ya zamani inavyokwenda. Akasema mzee, soko halisubiri. Nikasema sawa. Imenichukua muda mfupi kiasi hicho kusema sawa.

Jumapili, 18 Agosti

Adolfu kanisani, nje, baada ya misa, mbele ya watu: "Shemeji anamwagilia kahawa kama mchicha. Mti wa kiume haunywi kila siku. Kuna uzembe fulani mle, tutaujua." Watu wakacheka. Fransiska aliinama kufunga viatu visivyo na kamba.

Inaniuma kwamba katika watu wote, Adolfu na mizani yake ndiye aliyesema jambo la kweli kuhusu kahawa.

Ijumaa, 30 Agosti

Moto milimani. Moshi hadi ndani ya chakula.

Jumanne, 10 Septemba

Upepo mkubwa. Miti mitatu ya Fransiska imelala. Aliisimamisha na kuifunga kwenye vigingi vya mti, kisha akaja kuniuliza kama afanye hivyo kwa yote. Nikasema ndiyo, na maji yasikatike. Amekonda. Wilibrodi angekuwa hai asingemruhusu ashuke bonde mara ishirini, na mimi nisingethubutu kumwambia.

Jumamosi, 21 Septemba

Fransiska ameanguka.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Njia ya bondeni imelowa maji ya ndoo zake mwenyewe mpaka imekuwa utelezi, na pale penye mawe mguu ulikwenda. Kashinje alikuwa ananywesha ng'ombe, ndiye aliyemsikia. Alimpandisha mgongoni hadi barabarani na wakapata lori la mbao kwenda Sumbawanga. Mkono wa kulia umevunjika juu ya kifundo, mifupa miwili. Rozina alikwenda naye. Wamerudi jioni na mkono umefungwa plasta nyeupe hadi kwenye kiwiko, utafunguliwa baada ya wiki kama sita.

Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, midomo imemkauka. Neno la kwanza aliloniambia ni, "Shemeji, leo hazijanywa."

Nilisema nitaona. Nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya jiko lake muda mrefu nikitazama kuku.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda misa. Nilipoamka Rozina hakuwepo. Nilimkuta shambani kwa Fransiska na ndoo kichwani, maji yanamtiririka shingoni.

"Mama Zita, unafanya nini?"

"Si ulisema yasikatike?"

Zita ni binti yetu, ameolewa Mwimbi. Rozina ana miaka hamsini na miwili na magoti yake yanalia akipanda ngazi tatu za kanisa. Nilitaka kumwambia aache. Nilitafuta sababu ya kumwambia aache ambayo si ile yenyewe, sikuipata. Nikampokea ndoo, nikabeba mara sita, mgongo ukanikatalia.

Jumatano, 25 Septemba

Rozina: ndoo kumi na nane.

Ijumaa, 27 Septemba

Rozina: ndoo ishirini. Anakula amesinzia.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimefukua pembeni mwa kisiki cha tatu kati ya vile kumi. Nilitumia kijiko ili nisikate kitu. Chini ya tabaka gumu, ndani ya ufa nilioupasua, nimeona vijizizi vyeupe, vipya, vinene kiasi cha uzi wa kushonea magunia, vinashuka wima. Vimefuata samadi na unyevu. Nimechimbua kisiki cha sita, na cha tisa, hali ni ile ile. Na juu visiki vimechipua.

Nilipiga magoti pale na furaha ilinijaa, furaha ya kweli ya kazi, kama siku ya kwanza nilipotoka chuoni. Haikukaa. Ndoo moja kwa wiki kwa visiki vyote kumi. Hiyo tu ndiyo niliyotumia tangu Julai.

Nilipogeuka Rozina alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Sijui alikuwepo tangu lini. Alitazama visiki, akatazama shimo, akatazama kijiko mkononi mwangu.

"Baba Zita. Nakuona kila wiki. Kwa nini yako inakunywa ndoo moja kwa wiki na ya Fransiska ndoo ishirini kwa siku?"

Nimeishi naye miaka thelathini. Uongo mdogo huwa ananiachia. Huu haukuwa wa kuachiwa. Nikamweleza yote: intumba, sakafu, mizizi inayozunguka, ng'ombe wa Kashinje, Yonas na karatasi zake. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninafundisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alivunjika mkono kwa ajili ya karatasi," alisema.

Nikasema si hivyo. Akasema, "Sitakusemea. Utasema mwenyewe. Na mpaka siku hiyo nitabeba maji, kila siku, na wewe utaniangalia."

Nikamwambia, "Lakini maji hayo hayasaidii, yanaharibu."

"Najua," alisema. "Sasa tunajua wawili."

Jumamosi, 5 Oktoba

Ndoo ishirini.

Jumapili, 6 Oktoba

Ndoo kumi, kwa kuwa ni Jumapili.

Jumanne, 15 Oktoba

Joto. Mawingu yanakusanyika Zambia, yanakwenda zake. Rozina hazungumzi nami isipokuwa mambo ya chumvi na kuni. Nilijaribu kumshikia ndoo, akanipita.

Zamani nilidhani ameolewa na mtaalamu. Naona sasa kwamba yeye alidhani ameolewa na mtu, na muda wote amekuwa akisubiri kumwona.

Jumatano, 23 Oktoba

Barua kwa Yonas. Nimeandika ukurasa, nimechana.

Jumatano, 30 Oktoba

Barua kwa Yonas. Nimechana.

Jumamosi, 2 Novemba, Marehemu Wote

Tulikwenda makaburini. Fransiska alifagia kaburi la Wilibrodi kwa mkono wa kushoto. Plasta imefunguliwa juzi, mkono wa kulia umesinyaa na ngozi yake imepauka. Adolfu alikuja na mshumaa mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote. Alisimama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Miti kumi na tisa imelala, nimehesabu kutoka barabarani. Wazee wakikuuliza, wewe sema ukweli tu, kwamba mama ameshindwa. Hakuna atakayekulaumu wewe."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni kweli: hakuna ambaye angenilaumu. Njia ilikuwa wazi kabisa mbele yangu, imefagiwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza. Mchana, dakika arobaini, na mawe. Harufu ya udongo. Rozina alisimama barazani na ndoo tupu, hakushuka bondeni kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Jumamosi, 16 Novemba

Wamekuja. Mzee Timoth na wazee wanne wa ukoo, Adolfu, na nyuma yao nusu ya kijiji, maana kila mwenye kahawa alitaka kuona. Kashinje alisimama upande wa barabara na fimbo yake. Rozina alikuwa karibu na Fransiska.

Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha intumba zaidi, na miti mingi imeinama kwenye vigingi vyake kama watu waliotoka kilabuni. Adolfu alikwenda kwenye mti uliosimama vizuri kuliko yote, akafungua kamba, akaushika shina kwa mkono mmoja, akavuta. Ukaja. Akauinua juu wote waone.

"Kaka yangu alipanda mti. Mnaona uliobaki? Huyu mama alipewa msimu mzima. Shamba limemshinda. Mimi sina neno baya naye, arudi kwao kwa heshima."

Fransiska alisema, "Nimebeba maji tangu mwezi wa saba." Alinyoosha mkono ule uliosinyaa, akaushusha.

Mzee Timoth akanigeukia. "Bwana shamba. Mwezi wa sita ulituambia miti hii haiwezi kuanguka. Tuambie huyu mama amekosea wapi."

Nilimtazama Rozina. Hakunisaidia, alikuwa anatazama mti mkononi mwa Adolfu. Nikaenda nikauchukua ule mti, nikaugeuza mizizi juu. Sauti ilinitoka nyembamba, si ile ya mafunzo.

Nikasema, "Mama hajakosea. Tazameni mzizi huu. Ulishuka, ukakuta ardhi ngumu ambayo haikupasuliwa, ukageuka. Haukupasuliwa njia kwa sababu mimi niliwaambia msipasue. Niliwaambia intumba inatosha. Haitoshi. Na mwezi wa saba nilimwambia amwagilie juu kila siku, na hilo nalo ni kosa, ndilo lililozidi kuing'oa. Hata Wilibrodi angekuwa hai, ingelala. Na kwenu itaanza kulala, kwako Bertilla, kwako Shija, kwa wote, mwaka huu au ujao. Yangu imeshaanza."

Kelele zilizofuata siziandiki. Bertilla aliniita jina ambalo sijaitwa tangu utoto. Mmoja alisema ni makosa ya serikali iliyotuletea kahawa. Nikasema serikali ilisema tuchimbe, mimi ndiye niliyesema tusichimbe. Adolfu alianza kusema kwamba kosa la nani si hoja, miti imekufa imekufa. Mzee Timoth alimnyamazisha kwa kuinua fimbo.

"Tulisema ikimshinda. Haijamshinda huyu. Amefuata alichofundishwa mpaka akavunjika mkono." Akaniuliza kama kuna dawa. Nikaeleza ya visiki na sururu, na kwamba visiki kumi vyangu vimeshika. Akasema, "Basi Fransiska anabaki. Tutaulizana tena kahawa ikizaa." Wazee wakaitikia. Adolfu alitupa kamba chini akaondoka, na kesi ikawa imekwisha.

Nilihisi mwepesi. Naandika ukweli: kwa muda mfupi nilijiona mtu mwema. Watu walikuwa wanatawanyika kwenda kuchimbua kwao. Fransiska akaja, akasimama mbele yangu, karibu.

"Shemeji. Hivi visiki kumi, ulivikata lini?"

"Mwezi wa saba."

"Na haya ya mizizi ulijua lini?"

Ningeweza kusema Oktoba. Hakuna aliyejua isipokuwa Rozina, na Rozina alikuwa ameahidi kutonisemea.

"Tarehe ishirini na tisa Juni," nilisema.

Niliona midomo yake ikihesabu miezi.

"Mimi nilianguka mwezi wa tisa," alisema.

Akarudi ndani. Rozina alimfuata, mlango ukafungwa.

Jumapili, 17 Novemba

Barua kwa Yonas nimeiandika na nimeituma kwa dereva wa lori. Miche ile isitoke kitaluni kwenda kwenye intumba yoyote. Jina langu walifute. Bila shaka watatafuta wakala mwingine, ila asipande hivyo.

Rozina alinipa chai bila mimi kuomba. Hakukaa.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua nyepesi asubuhi. Nilichukua sururu, chepe na panga, nikaenda kwa Fransiska kuanza kazi. Nilishapanga moyoni: miti mia moja na arobaini, mitano kwa siku, nitamaliza kabla ya Krismasi.

Walishaanza. Kashinje na ndugu zake wawili walikuwa na masururu, Rozina na Bertilla wanakata visiki, Fransiska anabeba samadi kwa karai kwa mkono wa kushoto. Nilimsalimu kutoka barabarani. Akaja mpaka mpakani, hakuvuka, na hakunikaribisha nivuke.

"Naomba nichimbe," nilisema.

"Wachimbaji wapo."

"Basi hata samadi nibebe."

Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonishinda. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mpita njia anayeulizia gari.

"Nieleze kina tu," alisema. "Ili sakafu ipasuke yote."

"Futi mbili," nilisema. "Hatua moja kutoka kwenye kisiki. Futi mbili zinatosha kabisa."

Akaniitikia kwa kichwa, akarudi kwa watu wake. Nilibaki pale na sururu yangu begani, mvua ikininyeshea, mpaka nikamsikia akimwambia Kashinje:

"Amesema mbili. Chimba tatu."